Ngozi Isiyo na Manyoya

Masele alikutwa chini ya mwamba wa Zagayu saa tano na robo asubuhi, tarehe 26 Desemba 1994, mguu wa kulia umevunjika. Kila sikukuu familia ya Mzee Mahona hupanda pale kuteleza. Kila mtu hukalia ngozi yake ya ng'ombe, manyoya chini, akashuka kwenye jiwe lililolowa mvua. Manyoya ndiyo breki. Ngozi ya Masele haikushika. Ilimpitisha kwenye nyasi wenzake wanapokomea, ikamtupa maweni.

Koplo Anatoli, mkwe wa nyumba hiyo aliyekuwa likizo, aliipindua ngozi. Asubuhi hiyo ngozi zote zilishushwa darini na kubebwa zikiwa zimekunjwa, hakuna aliyezikagua. Katikati, mahali pa upana wa ungo, hapakuwa na unyoya hata mmoja.

"Imenyolewa," alisema Mboje, mdogo wa Masele. "Na mwenye wembe ni Esteria."

"Wa kumkatia mtoto kucha, shemeji! Mimi nimvunje mume wangu?"

"Si ulisema akienda kuendesha lori la wanunuzi wapya wa pamba, wanawake wa Lamadi watakunyang'anya?"

"Nilikuwa natania!"

Mzee Mahona hakutaka kusikia zaidi. "Jua likizama, mwanamke huyu awe njiani kwenda kwao."

Saa tisa alasiri, Masele akiwa amerudishwa kutoka zahanati na mguu umefungwa, Anatoli alimwita Mboje kando.

"Kaka yako akilala, lori ataendesha nani?"

"Leseni ninayo, sikatai. Lakini nimefika jana saa kumi jioni. Muulize kondakta wa basi, tuligombana naye njia nzima."

Kisha akamwita Esteria. "Na wewe?"

"Wiki nzima nilikuwa Kasoli kwetu, mama yangu mzazi anaumwa. Nimerudi jana."

Mzee naye alikuwa mbugani na ng'ombe tangu tarehe kumi na tano hadi asubuhi ya Krismasi, na Masele alikuwa Bariadi akijaribiwa udereva.

Anatoli alipitisha kidole kwenye ngozi. Wembe huacha vishina vinavyochoma. Hapa palikuwa laini, vitundu vya manyoya viko wazi. Akanusa. Majivu. Ngozi hupakwa majivu yaliyochanganywa na maji, ikafunikwa siku tatu mpaka manyoya yalegee na kung'oka kwa mkono, kisha ikaanikwa. Hiyo haikuwa kazi ya jana. Na siku zile nyumbani alibaki mtu mmoja tu.

Mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Anatoli alisimama nje ya jiko, akampa mgongo Mama Generoza, mke wa Mzee Mahona.

"Mayu, mama yangu, majivu uliyapaka lini?"

Generoza aliweka mwiko chini.

"Tarehe ishirini," alisema. "Barua ya kazi ya Masele ilikuja tarehe kumi na nane. Marcelo, mwanangu wa kwanza, alianza hivyo hivyo, utingo wa lori. Huu ni mwaka wa sita tangu aondoke, sijui kama yu hai. Nilitaka Masele ateguke kifundo tu, lori liondoke bila yeye. Sikujua nyasi hazitamshika."

"Na Esteria?"

"Niliogopa, baba."

"Anafunga mzigo wake sasa hivi. Nikienda mimi kwa mzee, nitasema kama askari. Ukienda wewe, utasema kama mama."

Nyayo zikampita. Anatoli aliinamisha macho, kisha akafuata kwa mbali.

Esteria alikuwa uani, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Mzee Mahona na Mboje walikaa wakimwangalia.

"Shusha, mwanangu," alisema Generoza. "Ngozi niliing'oa manyoya mimi, nimzuie Masele asiende na lori. Wa kuondoka hapa ni mimi."

Mboje aliinuka amshushie mzigo.

Esteria alimgeukia mama mkwe wake. Ndani, Masele aliguna kwa maumivu.

"Ukiondoka," alisema Esteria, sauti bado ina hasira, "nani atanisaidia kumgeuza kitandani?"

Akashusha mzigo, akaingia ndani bila kumngoja. Generoza akamfuata.