Mdudu Ndani ya Zulia

Jioni watu wakisukumana kurudi makwao, Msabaha, fundi wa kutandika mazulia, alimpiga kikumbo Afnan kwenye ngazi za stesheni ya Harrow. Bunda la zulia begani mwake liliuvuta ushungi wa zambarau wa binti huyo.

"Niwie radhi, bidada! Sikukuona."

"Na mzigo wote huo, ungemwona nani?" Afnan akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, Mpemba, ila yeye alizaliwa London.

Wakapeana namba, na tangu siku hiyo hazikupita siku bila kupigiana simu. Baada ya miezi minane wakachumbiana, na Msabaha alikodi chumba Kingsbury cha kuanzia ndoa yao, akakipaka rangi na kukitandika mwenyewe. Mwezi wa kwanza kulikuwa na kunguni. Akapambana nao kimyakimya, hakumwambia mtu. Afnan alikuja kukitazama chumba pamoja na mama yake. Kesho yake Msabaha akampigia.

"Umekipenda, mpenzi?"

"Sana! Humo nitakuwa snug as a bug in a rug."

Msabaha alidaka maneno mawili tu: mdudu, zulia. Uso ukamwaka moto. Kumbe wamewaona kunguni, sasa ananicheka! Akakata simu, akaizuia namba yake.

Wiki tatu baadaye, akikata zulia dukani kwa Bi Alka, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alishindwa kuvumilia.

"Bi Alka, mtu akikwambia mdudu ndani ya zulia, si amekutukana?"

Bi Alka akaangua kicheko. "Nani kasema? Huo msemo wa Waingereza una zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Rug ya zamani ilikuwa blanketi zito la sufu, la kitandani. Na snug walianza nayo mabaharia, kwa chombo kilichofungwa barabara kikangoja dhoruba. Maana yake amestarehe, kajikunja kwenye joto, hataki kutoka."

Msabaha aliketi sakafuni, akaifungua namba ya Afnan, akapiga.

"Afnan, nisamehe. Nilidhani umenitukana."

Afnan akajibu kwa sauti kavu: "Mama amefariki, Msabaha. Alianguka siku ile ile uliyonikatia simu. Nilikupigia nikiwa hospitali. Nikakupigia tukienda makaburini. Nilitaka uwe miongoni mwa waliomshusha kaburini."

"Wallahi sikujua."

"Neno moja tu hukulielewa. Ungeniuliza."

Alikwenda Harrow kutoa pole. Afnan, amekonda ndani ya buibui jeusi, alimkaribisha chai mbele ya mjomba wake, kisha akamsindikiza hadi mlangoni.

"Nimekusamehe, kwa moyo safi."

"Basi turudiane."

"Siwezi. Nilikuhitaji siku moja tu maishani, hukuwepo." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Nenda salama, mpenzi."

Asubuhi yake Msabaha alipanda basi hadi makaburini. Akaliulizia kaburi la mama yake Afnan, akaonyeshwa. Alisoma Fatiha, kisha akavua kofia, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akaanza kujieleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkwewe.