Njumu ya Kulia

Kila asubuhi, kabla mama yake hajafungua duka lake la ushonaji lililokuwa sebuleni kwao, Kiberiti alijifungia bafuni na kuufunga mguu. Alitumia kipande kirefu cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Alikizungusha kwenye ugoko wa mguu wa kulia, kuanzia juu ya kifundo hadi chini ya goti, akikaza mpaka machozi yamlengalenge. Kisha alivaa soksi ndefu na kutembea mle bafuni, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, hadi ahakikishe kwamba hachechemei.

"Wewe, umeota mizizi humo?" mama yake alibisha mlango.

"Natoka, mama. Napiga mswaki."

"Mswaki wa nusu saa? Una meno ya mamba?"

Kiberiti hakucheka. Siku hizi hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wa umbo kuliko wote katika timu ya wasichana ya shule yao, na jina hilo alipewa kwa sababu akigusa mpira tu, moto unawaka. Lakini mwaka huo mwili wake ulikuwa umemgeuka. Mwanzoni mwa mwaka aliteguka kifundo. Alipopona, msuli wa paja ukakaza, akakosa mechi tatu huku amekaa benchi akikunja ngumi mapajani. Sasa ulikuwa ugoko, wiki ya tatu, na safari hii aliapa kwamba hamwambii mtu. Jumamosi ilikuwa fainali. Mwalimu wa kike kutoka shule ya michezo angekuja kutazama na kuchagua wachezaji wawili tu. Kiberiti aliuchukia mguu ule kama mtu anavyomchukia mwenzake aliyemsaliti.

Alhamisi soli ya njumu yake ya kulia ilibanduka mazoezini. Akazipeleka njumu zote mbili kwa mjomba wake, fundi viatu, aliyekuwa na kibanda kwenye kona ya barabara ya shule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leta hao wagonjwa."

Mjomba alikuwa amekaa juu ya kigoda, mguu wake wa kushoto umenyooka mbele kama fimbo, kwa maana goti lile halikukunjika tena. Watu wa makamo pale mtaani walikumbuka wakati mguu huo ulipokuwa ukifunga mabao ambayo makipa waliyasimulia wenyewe. Yeye hakuyasimulia. Picha ya timu yake aliiweka ndani ya droo ya misumari, na Kiberiti aliiona mara moja tu, alipotumwa kutafuta gundi.

Mjomba alipaka gundi kwenye soli, kisha akaigeuza njumu na kupitisha kidole gumba juu ya meno yake. Akaichukua ya kushoto, akafanya vivyo hivyo. Akarudia. Mikono yake ikatulia.

"Hizi zilinunuliwa siku moja?"

"Ndiyo, si ulikuwepo?"

"Meno ya hii ya kushoto yamelika yote. Ya kulia bado mapya, ila huku pembeni." Alimtazama. "Unautupia mwili mzima mguu mmoja. Huu wa kulia unaugusisha chini kwa ukingo tu. Tangu lini unaumwa?"

Kiberiti alihisi mpira wa baiskeli ukimbana chini ya soksi. "Siumwi. Nimebadilisha mtindo wa kukimbia."

"Mtindo." Mjomba alizifunga njumu kwa kamba zake, akazining'iniza kwenye msumari nyuma yake. "Basi hizi zitalala hapa mpaka daktari auone huo mtindo."

"Mjomba, fainali ni keshokutwa."

"Najua."

"Nipe viatu vyangu."

"Sikupi."

Hasira aliyokuwa ameibana kwa wiki tatu ilifumuka. "Wewe una wivu tu," alisema. "Uliumia, ukashindwa, ukaishia kushona viatu vya watu. Sasa unataka na mimi nishindwe ili tufanane."

Mjomba alichukua kiatu cha mteja, akaweka msumari, akapiga nyundo. Msumari ukapinda. Kiberiti hakuwahi kumwona akipindisha msumari. Aliondoka bila kuaga, akitembea haraka kuliko mguu ulivyotaka, na kila hatua ilimchoma.

Aliyemwokoa, au ndivyo alivyodhani, ni rafiki yake kipa, msichana mpana aliyeitwa Geti. Geti alimwazimia njumu za dada yake.

"Ni kubwa," Geti alisema. "Utaweza kuingia humo na mizigo yako."

"Nitajaza soksi."

"Na mjomba wako je?"

"Usinitajie mtu huyo."

Jumamosi uwanja ulijaa. Mwalimu wa shule ya michezo alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, kofia pana kichwani. Kiberiti alikuwa ameufunga mguu mara mbili na kumeza vidonge viwili vya maumivu alivyovitoa kwenye kabati la mama yake. Kocha alikuwa akiwapanga wachezaji alipokatiza maneno katikati. Mjomba alikuwa anakuja kando ya mstari wa chaki, akiburuta mguu wake, njumu za Kiberiti zimening'inia shingoni mwake.

Alizitua miguuni pa mpwa wake. "Nimeshona. Ziko imara. Vaa, kisha urukeruke mara tatu kwa mguu wa kulia peke yake, mbele ya kocha wako. Ukiweza, nitakaa pale nikushangilie hadi sauti inikauke."

"Kaka, tafadhali," kocha alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni fainali. Tuachie tucheze, hayo mengine kesho."

Mjomba alimgeukia. Kiberiti hakuwahi kuuona uso ule. "Ndivyo ulivyoniambia mimi. Maneno hayo hayo. Wewe ndiye uliyekuwa nahodha, ukanifunga goti nyuma ya ukuta ili kocha asione. Ukasema leo fainali, kesho utapumzika. Goti lilipouma mara ya kwanza, nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu goti likakatika, na kesho yenyewe sijaiona mpaka leo."

Geti aliangalia glavu zake kana kwamba zimeandikwa kitu. Kocha aliizungusha kamba ya filimbi kiganjani.

"Ruka, Kiberiti," alisema.

Aliruka mara ya kwanza akiwa ameuma meno. Mara ya pili uwanja ulimzunguka. Ya tatu haikuja. Alianguka kwa mikono, na kabla hajainuka kocha alikuwa amepiga magoti akimshusha soksi. Aliufungua ule mpira wa baiskeli mzunguko mmoja baada ya mwingine. Chini yake ugoko ulikuwa umevimba, una michirizi ya zambarau pale mpira ulipokata ngozi.

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi niko hapo kila siku," kocha alisema, hasira yake ikiwa imemgeukia mwenyewe. Aliukunja ule mpira, akautia mfukoni. "Kaa benchi."

Walifungwa mawili kwa moja. Kiberiti aliitazama mechi yote huku analia kwa hasira, na mpira wa mwisho ulipopita mbele ya goli tupu bila mtu wa kuugusa, alitupa chupa ya maji ikapasuka. Mwalimu wa shule ya michezo alichagua wachezaji wawili, wote wa upande wa pili. Kisha alikuja kwenye benchi.

"Ninao wanafunzi sita wanaotembea kwa magongo," alisema. "Wote walificha maumivu. Nafasi moja itafunguliwa baada ya likizo, na nitawaita wengi kuigombea. Ukija, njoo na barua ya daktari." Akaondoka, bila kusubiri ashukuriwe.

Hospitalini, picha ya mfupa ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari alisema mechi moja zaidi ingetosha kuuvunja. Alimtaka apumzike miezi miwili. Mama yake hakumgombeza njia nzima, jambo lililokuwa baya kuliko kugombezwa. Walipofika nyumbani alifunga kabati la dawa kwa ufunguo, akauning'iniza ufunguo shingoni, kisha akasema: "Nilikuwa nakuuliza mlangoni kila asubuhi. Kila asubuhi, mwanangu."

Siku ya tatu Kiberiti alikwenda kibandani kwa magongo. Mjomba alimsogezea kigoda kwa mguu mzima.

"Nilisema maneno mabaya, mjomba."

"Ulisema." Alidunga ngozi kwa msharasi, akapitisha uzi. "Tangu Alhamisi nilikuwa na hasira na wewe. Halafu nikaona sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia kijana fulani aliyekuwa akisema siumwi, siumwi, wakati kila mtu anampigia makofi. Yule kijana nimemlilia miaka mingi, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba aliyemuua ni mimi mwenyewe."

Alifungua droo ya misumari, akatoa ile picha, akaigongomea ukutani, mahali njumu zilipokuwa zimening'inia.

Tangu wiki ile, kocha alianza kuwapanga wachezaji wote kabla ya kila mechi na kuwarukisha kwa mguu mmoja mmoja, mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Wasichana waliita zoezi hilo "mtindo", na Geti alilalamika kwamba ardhi haikuumbwa kurukiwa na kipa wa upana wake.

Likizo ilipokwisha, mfupa ulikuwa umeunga. Kiberiti alikwenda shule ya michezo na barua ya daktari, mjomba wake kando yake. Walikuta wasichana kumi na tisa wanaigombea nafasi ile moja. Mwalimu mwenye kofia pana alimwambia aruke. Akaruka, tatu kulia, tatu kushoto.

"Kuna panapouma?"

Wasichana wote walikuwa wanamtazama. Ugoko ulikuwa mzima, lakini kwenye kifundo cha kushoto kulikuwa na kitu, kama mchanga ndani ya kiatu. Hakuna ambaye angejua.

"Kidogo," alisema. "Kifundo cha kushoto, ninapotua."

Mwalimu aliandika daftarini. "Basi leo utapiga mashuti bila kukimbia. Mbio utazikimbia wiki ijayo."

Kiberiti alimtazama mjomba wake, akitarajia kuona huzuni. Mjomba alikuwa anafuta jicho kwa kiganja chenye madoa ya kiwi ya viatu.

"Mabao utafunga, hilo halinipi shaka," alimwambia akimfunga kamba za njumu. "Lakini ulichosema sasa hivi, mimi nilipewa nafasi tatu za kukisema, nikashindwa zote. Mwili ukiumia si aibu, mpwa wangu. Ukiuficha, unajinyima mtu wa kukusaidia. Haya, nenda kapige."

Akaenda, na shuti la kwanza likagonga mwamba na kuingia.