Usukani Ulioibwa Saa ya Kula

Hebu nitegulie hiki: mgonjwa wangu hasemi panapomuuma mpaka apigwe. Umeshindwa? Mji wako sitaki, kwa miguu hii nitaufikia lini? Nakupa bure. Ni mashua kuukuu inayokaguliwa. Fundi huigonga kwa nyundo ya mbao, sikio kalitega. Palipo pazima hulia ngo, ngo. Palipooza hulia bu.

Basi mashua ya tanga, imepakwa rangi nyeupe ya juzi, ilikuwa juu ya magogo ndani ya karakana. Kwa nyuma palikuwa patupu. Usukani umeibwa. Inspekta alichuchumaa, akapatazama pale patupu.

"Kesho asubuhi tunaishusha majini!" alilalamika mnunuzi, muuguzi mwenye watoto mapacha. "Wanangu jana wamelala na maboya yao kifuani. Nitawaambia nini?"

"Muuzaji ni nani?"

"Mimi, afande." Alikuwa daktari wa meno, anatabasamu kama tangazo la mswaki. "Saa saba tumetoka kula, tumerudi, hola! Wezi wa vyuma chakavu hao."

"Ilikaguliwa?"

"Juzi, na Fundi Sikio mwenyewe. Cheti hiki hapa. Mkuku mzima, ubavu mzima."

Fundi Sikio alikuwa amesimama kwenye benchi lake, amewapa kisogo. Miaka arobaini watu wananunua mashua kwa kuliamini sikio lake. Akikagua, hutoa kila mtu nje, maana hata kikohozi humharibia kazi.

Chini ya benchi Inspekta aliona kopo. Alilivuta kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na bolti nne za usukani, kila moja na nati yake, zote zimepakwa grisi.

"Mwizi wa vyuma kaacha vyuma," alisema. "Tena kavipaka grisi visishike kutu. Mwizi mwenye adabu huyu! Konstebo, chukua alama za vidole."

Konstebo akageuka kwa haraka, sanduku la vifaa likamponyoka. Kishindo! Muuguzi akaruka. Daktari akashika moyo. Fundi Sikio hakutikisa hata bega.

Inspekta alizunguka benchi, akasimama mbele yake. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya mzee yalikuwa midomoni mwa Inspekta.

"Juzi ulipogonga mkuku, ulisikia nini?"

Mzee alifuta jasho. "Cheti kimeandikwa."

"Sijauliza cheti."



Inspekta hakumkaba. Aliichukua nyundo ya mbao, akainama chini ya mashua, akagonga ule mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Ngo. Ngo. Ngo. Bu. Yeye mashua alikuwa akiziona kwenye kalenda tu, lakini bu ile hata mwenye usingizi angeisikia. Akakwangua rangi kwa kisu. Puti ya kuzibia. Chini ya puti, ufa wa urefu wa kiganja, unatoa maji yaliyobaki ndani.

"Daktari, jino hili uliliziba lini?"

Tabasamu likakauka. "Mimi… sijui…"

"Rangi mpya, puti mbichi. Lini?"

"Wiki hii. Niligonga mwamba mwezi uliopita. Nilidhani litashika, afande. Ningesema ukweli nani angeinunua?"

"Na wale mapacha?"

Daktari alipiga hatua kuelekea mlangoni.

"Uko chini ya ulinzi kwa udanganyifu."

Muuguzi aliketi juu ya gogo. Alicheka huku analia. "Wanangu wazima! Jamani, wanangu wazima!"

Konstebo, aliyekuwa akipekua karakana, alirudi kutoka stoo ya fundi amekumbatia usukani, umeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. "Alama za vidole ni hizihizi za kwenye kopo, afande."

"Ni zangu," alisema Fundi Sikio. "Niandike. Nimeiba mimi."

"Kwa nini, babu?"

"Leo asubuhi nilipapasa mkuku, nikakuta unyevu. Nikajua cheti changu kinaweza kuua. Mashua bila usukani haiendi popote. Nilitaka siku mbili tu, nipate moyo wa kusema."

"Kusema nini?"

Mzee alinyoosha mkono, akalirekebisha blanketi la usukani.

Muuguzi aliinuka, akamshika mikono yote miwili. "Babu, wizi huu mimi siulalamikii. Wewe ndiye umenirudishia watoto. Afande, huyu muache."

Inspekta alifunga daftari. Alimwinamia mzee ili aione midomo yake vizuri, akasema polepole, "Sikupeleki popote. Ila nijibu lile la kwanza. Ulipogonga, ulisikia nini?"

Fundi Sikio alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Sikusikia kitu, mwanangu. Mwaka wa pili huu, hata nyundo yangu siisikii."