Lerato na Vidole Kumi vya Mama

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mapaa ya mtaa wa Troyeville, harufu ya vitumbua ilikuwa imekwisha kupanda ngazi zote za jengo lao. Mama yake Lerato, Hyasinta, alivikaanga kwenye chuma chake cha mashimo alichotoka nacho Morogoro. Lerato alivipanga kwenye beseni na kuvifunika kwa kitambaa cheupe. Kisha mama alivipeleka kuuza kwenye bustani ya Joubert Park, naye Lerato akashuka kwenda shule. Mwaka huo wa 2005 alikuwa darasa la sita.

Lakini hakuna aliyepita ngazini bila kutoa ushuru kwa Bi Biubwa. Bibi huyu wa Kiunguja alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake akingoja kitumbua chake, na alilipa kwa kitendawili. Lerato alizaliwa papa hapa Johannesburg. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi wake ulipenda zaidi Kiingereza na Kizulu.

"Usinijibu Kizungu, mjukuu wangu," Bi Biubwa alizoea kumwambia. "Kizungu changu kiliishia darasa la nne, nacho kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nyumbani Lerato alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna mtu aliyempa. Kazi hiyo ilikuwa kumsemea mama. Sokoni mama alikuwa na Kizulu cha kutosha kubishana bei, lakini akifika mbele ya meza yenye mtu wa sare, maneno yote yalimkimbia. Basi tangu akiwa mdogo, hospitalini, benki na hata shuleni, Lerato alisimama katikati. Mama alisema kwa Kiswahili, Lerato akasema kwa Kiingereza. Watoto wengi wa jengo lile walifanya vivyo hivyo kwa wazazi wao.

Baba yake, Thabo, aliishi uhamishoni Morogoro miaka mingi kabla ya kurudi kwao pamoja na mke wake. Alifariki Lerato akiwa na miaka sita. Tangu hapo kibali cha mama cha kuishi nchini kilikuwa kikiongezwa kidogo kidogo, na sasa alikuwa akiomba ukazi wa kudumu. Alitakiwa apeleke cheti cha polisi kuonyesha kwamba hana rekodi ya jinai. Lerato alimsikia akimwambia Bi Biubwa kwamba akikosa cheti hicho, huenda akaambiwa arudi Tanzania. Lerato hakuwahi kuiona Tanzania. Usiku ule alilala ameshika ncha ya khanga ya mama, kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

Kesho yake wakaenda kituo cha polisi. Sajini aliyewapokea alikuwa mzee mwenye miwani, mtu wa sauti ndogo. Aliuliza jina, akauliza mahali pa kuzaliwa, akauliza anapoishi. Lerato alitafsiri bila kukwama. Kisha sajini akauliza kama mama amewahi kukamatwa na polisi.

Mama hakusita. "Mwambie ndiyo. Mara moja, zamani, pale Joubert Park. Nilitia sahihi wakaniachia."

Mama yake, kukamatwa? Nyuma yao palikuwa na foleni ndefu, na katika foleni ile Lerato alimwona mama wa Twalib, mwanafunzi mwenzake. Macho ya sajini yalimngoja. Lerato akasema kwa Kiingereza kwamba hapana, mama hajawahi kukamatwa hata siku moja.

Sajini akaandika. Akachukua vidole vya mama kimoja kimoja, akavipaka wino mweusi, akavibingirisha kwenye karatasi. Huku akifanya hivyo alieleza kwamba alama zile zitapelekwa makao makuu ya polisi Pretoria, na Pretoria wataona kila kitu. Akaongeza kwamba mtu aliyedanganya mbele yake anaweza kushtakiwa.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Kasema tungoje," Lerato akajibu.

Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Tangu siku hiyo Lerato hakuwa na amani. Mlango ukigongwa, moyo wake ulikuwa wa kwanza kuamka. Mwalimu alipoonyesha Pretoria kwenye ramani, aliinamisha kichwa kama vile mji ule ungeweza kumwona. Chakula alikiacha sahanini. Mama alidhani ni homa, akampikia uji wa pilipili manga.

Asubuhi moja Bi Biubwa, ambaye hakujua lolote kuhusu uongo ule, alitazama kucha za mama zilizokuwa bado na weusi kidogo pembeni, akacheka. "Kitendawili."

"Tega," Lerato akasema bila hamu.

"Wako kumi, hawafanani hata wawili, lakini wote wanalijua jina la bibi yao."

Lerato alilijua jibu kabla kitendawili hakijaisha: vidole. Aliacha kitumbua mkononi mwa Bi Biubwa, akashuka ngazi mbio. Bibi alibaki akimwita, akisema siku hizi watoto wanakimbia hata maswali mepesi.

Jumamosi hakukuwa na shule, kwa hiyo Lerato alimsaidia mama kubeba beseni hadi Joubert Park. Walikuwa wamesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja ziwaruhusu kuvuka, gari la polisi lilipopunguza mwendo mbele yao. Askari mmoja alishusha kioo na kutoa kichwa nje. Vidole vya Lerato vililegea. Beseni likaanguka, vitumbua vikatawanyika barabarani.

"Mama, kimbia," alisema. "Kimbia, wamekuja kukuchukua."

Askari aliangalia vitumbua, akamwambia mwenzake kitu, wote wawili wakasikitika. Alikuwa ametaka kununua tu. Taa ikabadilika, gari likaenda zake.

Mama hakuviokota vitumbua. Alimtazama mwanawe. Lerato huyu, ambaye hujibu Kiingereza hata akiamshwa usingizini, leo amelia kwa Kiswahili kando ya barabara. Alimvuta kando, akamketisha kwenye ukuta mfupi, akamuuliza ni nani anayekuja kumchukua, na kwa nini. Lerato akasema yote. Alisema kuhusu foleni, mama wa Twalib, ile hapana, na Pretoria.

Alitegemea kofi. Badala yake mama alisema kwamba Jumatatu wangerudi kituoni.

Lerato alimsihi. Alisema labda Pretoria hawataona, labda wamesahau, ni zamani sana.

"Wakiona, watanikuta ndani ya uongo ambao sikuusema," mama akajibu. "Hapo nitajiteteaje, na wewe ndiye mdomo wangu?"

Jumatatu, mbele ya meza ile ile, mama alimwekea Lerato mkono begani. Akamnong'oneza kwamba leo yeye mama hatatangulia kusema, kwa kuwa neno lililobaki ni la Lerato mwenyewe. Lerato aliyatazama matundu ya zulia, akafikiria kukimbia, kisha akainua uso.

"Mama yangu alisema ndiyo," alisema kwa Kiingereza. "Mimi ndiye niliyesema hapana. Niliogopa mtamrudisha kwao."

Sajini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee yule akasema kwamba majibu ya Pretoria hayajarudi, na kwamba wamefanya vizuri kuja kabla hayajarudi. Akafuta jibu la kwanza, akaandika la pili, mama akatia sahihi yake pembeni. Kisha akauliza ile kesi ya zamani iliamuliwa na mahakama gani.

Mama akaeleza kwamba hakuiona mahakama. Alikamatwa kwa kuuza maandazi bila leseni, akapewa karatasi ya Kiingereza, akatia sahihi, akalipa faini, akatoka.

"Eish, mama," sajini akasema, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba karatasi ile ilikuwa ya kukiri kosa. Kwa kuitia sahihi alihesabiwa kuwa amepatikana na hatia, kana kwamba alisimama mbele ya hakimu. Rekodi iko palepale mpaka leo.

Maneno yale yalikuwa mazito kuliko yote, na Lerato alitamani kuyapunguza. Lakini aliyatafsiri yote, neno kwa neno. Mama aliketi polepole.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni mhalifu," alisema, "na sikujua."

Sajini aliwaelekeza kwenye ofisi ya msaada wa sheria ya chuo kikuu, kule Doornfontein. Huko walimkuta wakili kijana aitwaye Khanyisile. Alimtaka mama aeleze siku ile tangu mwanzo, asiruke kitu. Na Lerato akafanya kazi yake, mara hii bila kuongeza wala kupunguza.

Mama alisema alikuwa mgeni, hata mwaka hajamaliza mjini. Alikuwa ananyonyesha. Mtoto alikuwa na homa, amemwacha kwa Bi Biubwa. Kule mahabusu maziwa yalimjaa hadi nguo ikalowa kifuani, na wanawake wenzake wakamwambia atie sahihi aende kwa mwanawe. Hakuna aliyemsomea karatasi ile, wala kumweleza kwamba anaweza kukataa na kusikilizwa mahakamani.

Lerato alipofika kwenye neno "mtoto" sauti ikamkatika. Hakukuwa na mtoto mwingine. Wakili alimpa maji, akangoja. Lerato akanywa, akamalizia sentensi.

Khanyisile aliyaandika maelezo hayo kuwa hati ya kiapo. Alisema Mahakama Kuu inaweza kuombwa iiangalie upya hatia iliyopatikana kwa njia ile, na jaji akikubali ataifuta, kisha polisi watalazimika kuiondoa rekodi. Lakini hakuwaficha kwamba jaji anaweza pia kukataa. Lerato alilitafsiri hilo pia, ingawa lilimchoma mdomo.

Wakangoja majira yote ya baridi. Hofu haikuondoka. Simu ikilia, mama na mwana walitazamana kabla ya kupokea. Kulikuwa na usiku ambao Lerato alisikia mama akigeukageuka kitandani, naye akahama kitanda chake akaenda kulala karibu naye. Hofu ilikuwa ile ile, ila sasa walikuwa wawili wa kuibeba.

Miti ya jacaranda ilipoanza kuchanua, Khanyisile alipiga simu. Lerato alisikiliza, akajikuta amekaa chini sakafuni. Mama alisimama na mwiko mkononi, mafuta yakilia kwenye chuma nyuma yake.

"Kasema nini? Lerato, kasema nini?"

"Kasema jaji ameifuta hatia," Lerato akajibu, kwa Kiswahili. "Na polisi wameitoa rekodi. Cheti kinakuja kutoka Pretoria, kisafi."

Mama alizima jiko. Akafunika uso kwa khanga na kulia kidogo, kisha akamketisha mwanawe pembeni yake.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nilikosea kutia sahihi jambo nisilolielewa, kwa sababu niliogopa. Wewe ukakosea kusema nisilolisema, kwa sababu uliogopa. Hofu inatuharakisha, na haraka hiyo imetugharimu. Siku yoyote usipoelewa karatasi, uliza, hata wakikucheka. Na ukisimama kunisemea, nisemee nilivyosema. Likiwa baya, tutalitengeneza pamoja. Ukilificha, unaniacha humo peke yangu."

Lerato aliitikia kwa kichwa. Asubuhi iliyofuata alishuka ngazi na kitumbua cha moto, na mara hii alimwahi Bi Biubwa.

"Kitendawili, bibi."

Bi Biubwa alishangaa, akavuta kigoda. "Tega, mjukuu wangu."

"Ukikificha kinakua, ukikitoa nje kinakufa."

Bi Biubwa alifikiri. Akasema ni uyoga, akasema ni hamira, akasema ni deni. Kila mara Lerato alitikisa kichwa. Mwishowe bibi akakunja mikono, akakiri ameshindwa.

"Basi nipe mji," Lerato akasema, kama desturi ya vitendawili inavyotaka.

Bi Biubwa alikuwa ameisikia habari yote usiku uliopita. Alitafuna kitumbua chake polepole, macho yakicheka.

"Nakupa Pretoria."

Lerato alivuta pumzi. "Nimekwenda Pretoria," alisema, "nikakaa, nikala, nikashiba, wala sikuogopa. Jibu lake ni uongo."