Baridi Iliyosingiziwa

Alfajiri, mtaa wa kina Najma pale Kariakoo uliamshwa na vitu viwili: adhana na gari la mama yake. Adhana ilikuwa tamu. Gari lilikohoa.

Lilikuwa gari la rangi ya krimu, zee kupindukia. Watu wa mtaani walidai kwamba lilipoingia Dar es Salaam, bahari ilikuwa bado haijafika. Lakini ndilo lililompeleka mama kwenye mnada wa samaki kule Feri. Akirudi, alimshusha Najma shuleni, kisha akaenda kukaanga samaki wa kuwauzia wenye maduka. Njiani mama na binti waliimba kwa sauti mpaka waenda kwa miguu wakageuka kuwatazama.

Tangu Julai ianze, gari liligoma kila asubuhi. Stata ilizunguka kwa nguvu, nyeu-nyeu-nyeu, lakini injini haikushika. Wazee waliotoka msikitini walikunja kanzu zao, wakalisukuma mpaka kona.

"Haya, kwa pamoja! Bismillahi!" aliongoza jirani yao, Mzee Idrisa.

Gari lilisukumika vizuri sana. Kuwaka, halikuwaka.

"Ni baridi hiyo, Mama Najma," alisema Mzee Idrisa akihema. "Hata magoti yangu hugoma Julai."

Kweli, ilipofika saa nne na jua kupiga boneti, gari liliwaka mara moja, kana kwamba lilikuwa likiwatania. Lakini saa nne, pale Feri hubaki magamba na kelele tu. Wateja wa mama wakaanza kula kwingine.

Ijumaa jioni mama alisema, "Basi, nimechoka. Kesho saa tatu anakuja mnunuzi wa chuma chakavu. Atalipima kwa kilo."

Najma alisukuma sahani yake kando. Alilipenda gari lile. Tena alikuwa na siri.

Siku shule ilipofunguliwa, Mudi, mwenzake wa darasa la sita, aliziba pua na kusema, "Mambo, Najma? Leo umekuja na vibua wangapi?" Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo, kila jioni mama alipotoka kununua viungo, Najma aliliosha gari kwa sabuni ya unga yenye harufu ya limau, nje na ndani. Hakuishia hapo. Alikuwa ameona kwamba gari likipata moto ndipo shombo la samaki huzidi, akaamini limejificha kwenye injini. Kwa hiyo alifungua boneti akaimwagia injini ndoo nzima ya maji ya sabuni. Hakumwambia mama, kwa kuwa angeulizwa sababu, na sababu ilikuwa kwamba aliionea haya kazi ya mama yake.

Jumamosi asubuhi gari liligoma tena. Mzee Idrisa akamleta Heriel, fundi wa magari kutoka mtaa wa Gerezani, mtu mfupi mwenye mfuko wa spana mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, Fundi Heriel," alisema Najma.

"Marahaba, binti. Mgonjwa ni huyu?"

"Ndiye," alijibu mama. "Anaumwa baridi."

Fundi Heriel alicheka mpaka akashika ukuta. "Baridi? Hii? Mama Najma, mimi ni mtu wa Machame, kule mlimani Kilimanjaro. Kwetu Julai jogoo huwika akiwa amejifunika gunia, na ndizi hazikubali kumenywa mpaka zimeota moto. Na magari yanawaka! Hebu washa nisikie."

Mama akazungusha ufunguo. Nyeu-nyeu-nyeu.

"Stata inazunguka vizuri, kwa hiyo betri ni nzima," alisema fundi. "Na kama shida ingekuwa betri, mlipolisukuma lingewaka. Petroli inafika, naisikia harufu yake. Basi plagi hazipati moto wa umeme."

Akachomoa kofia ya distribyuta, kile kikombe cheusi chenye nyaya nene kinachogawa moto kwenye plagi. Ndani kulikuwa na matone ya maji. Fundi akayagusa kwa kidole, akanusa.

"Ajabu! Umande wa hapa kwenu unanukia limau. Tena una povu!"

Majirani waliokusanyika wakacheka. Najma hakucheka.

Fundi alikausha kofia kwa kitambaa, akairudisha. Mama alipogusa ufunguo, gari lilinguruma. Watu wakapiga makofi. Wakati huohuo mnunuzi wa chuma chakavu akatokea na mkokoteni na mizani yake.

Mama alilitazama gari, kisha akamtazama fundi. "Leo limewaka. Kesho je? Haya maji yanatoka wapi?"

"Hapo sina jibu," alikiri fundi. "Mvua haijanyesha. Kama hatujui yanakoingilia, kesho yatarudi."

"Basi acha liende." Mama akazima gari, akamnyooshea mnunuzi ufunguo.

"Mama, usimpe!" Najma alipaza sauti. "Maji nimemwaga mimi!"

Kila mtu akageuka. Najma, machozi yakimlengalenga, alieleza yote: Mudi, sabuni, ndoo, injini.

Mzee Idrisa akashika kiuno. "Yaani wiki zote hizi nasukuma usafi? Na kanzu yangu imechanika!"

Kicheko kikazuka, hata mnunuzi akacheka. Lakini mama alimwinamia binti yake. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa utajua kwamba naona haya, mama. Shombo…"

Mama akamfuta machozi. "Hata mimi shombo linanikera," alisema taratibu. "Ulidhani silisikii?"

Fundi Heriel alikuwa ameshafungua buti. Alinyanyua zulia, akavuta kwa vidole viwili mkia wa samaki uliokuwa umekauka, mgumu kama spana. Chini yake maji ya samaki yalikuwa yametuama. "Mwenye shombo yuko huku! Injini imeogeshwa bure. Osha hapa, na samaki wakae kwenye ndoo zenye vifuniko."

Mnunuzi akafungasha mizani yake akinung'unika kwamba amesukuma mkokoteni kutoka Msimbazi kuja kuonyeshwa mkia.

"Sikiliza, binti," alisema fundi akifuta mikono. "Mfuko huu una spana za kila namba, lakini hakuna hata moja inayofungua mdomo wa mtu. Ningekausha kofia hii kila siku mpaka nizeeke. Wewe ndiye uliyetengeneza gari hili, kwa kusema kweli."

"Na ungesema mapema, tusingepoteza wateja," mama aliongeza. "Usafi si kosa. Kosa ni kujificha. Jambo likikusumbua, njoo tulitazame wote wawili, hata kama unadhani litaniumiza. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa leta brashi. Wewe sugua buti, mimi nashika ndoo, na boneti tunaifunga!"

Najma akakimbia kuchukua brashi. Nyuma yake alimsikia Fundi Heriel akiwaapia majirani kwamba huko kwao Machame aliwahi kuona samaki aliyevaa sweta.