Panda Wewe Kwanza

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, fundi cherehani, juzi alipokuja kunisuka nywele. Alinisuka vibaya, maana mikono ilikuwa inasimulia.

Yeye na mpenzi wake walikutana duka la baiskeli siku ya punguzo la bei, watu wamebanana hadi mlangoni. Yeye, gauni la samawati alilojishonea limemkaa sawasawa, alikuwa anapima kiti cha baiskeli ili akishonee kifuniko. Kijana mchora mabango, shati lina madoa ya kila rangi, ameinua gurudumu analikodolea macho.

"Dada, kumbe unaendesha?"

"Tangu sijaota meno. Wewe je?"

"Mimi? Baiskeli ndiyo miguu yangu."

Mjukuu wangu alidanganya mchana kweupe. Baiskeli alizijua kwa kuzivisha nguo tu.

Mapenzi yakakolea. Mchoraji akaja na wazo: waende kisiwani, wazunguke pwani taratibu, mara baiskeli, mara miguu, wapumzike. Mapumziko gani hayo yanayomnyima mtu usingizi!

Mara ya kwanza mjukuu wangu akaahirisha: hana viatu. Mara ya pili mchoraji akapiga simu.

"Moyo wangu, nimepata bango kubwa. Tusogeze mbele kidogo."

"Sawa, mpenzi."

Akashusha pumzi. Lakini mara ya tatu bango tena, ya nne mafua, naye pumzi zikampanda. Mwenye hofu ni yeye. Huyu mwenzake anakimbia nini? Mama yake akatia chumvi kidondani: "Mwanaume asiye na nafasi kwako, ana nafasi kwingine."

Mjukuu wangu akapiga simu.

"Jumamosi uwe kivukoni. Usipokuja, kila mtu ashike hamsini zake."

"Mpenzi, hali ya hewa..."

"Hewa gani? Nimesema Jumamosi!"

Alimpenda yule kijana hata sindano ikawa inamchoma. Akaona bora aanguke mbele yake kuliko kumkosa.

Kisiwani, mzee wa kukodisha akawatolea baiskeli mbili.

"Panda wewe kwanza, kipenzi," mchoraji akasema.

"La, tangulia nikuone."

"Mgeni mwanamke hupewa heshima."

"Heshima yako baki nayo. Panda!"

"Panda wewe!"

"Jamani," mzee akasema, "hizi haziumi."

Mjukuu wangu akaketi mchangani na gauni lake safi. "Sijui! Sijui kuendesha, basi! Nimekudanganya. Niache kama unaniacha."

Mchoraji akakwangua rangi kwenye kucha. "Mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Nimezichora mji mzima. Sijapanda hata moja. Safari niliitaja kwa kujisifu tu."

Kiatu kikaruka, kikampata begani.

"Na mimi nakudhania una mwanamke!"

"Na mimi nadhani umenichoka! Eti viatu, viatu!"

Walikodi moja, ibebe mabegi. Wakaisukuma ufukweni, huyu kashika usukani upande huu, yule upande ule, wanagombana njia nzima.

"Unaivuta kwako."

"Wewe unaipeleka majini!"

"Hivi," mchoraji akasema bila kuiachia, "nije kwenu kuposa, au nalo tuahirishe?"

"Ahirisha uone."

Walifika nyumba ya wageni hoi. Vyumba viwili, niliuliza. Mjukuu wangu akajitupa kitandani, na ng'ambo ya ukuta akamsikia mwenzake anakoroma tayari. Akasonya. Akageukia upande wa ule ukuta, akalala.