Jina la Kezia Kwenye Daftari la Daktari

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi 1974, posta ya Kasulu ilijaa watu mpaka barazani. Wengine walifuata barua, lakini wengi walikuwa wakingoja simu, kwa sababu laini ya Dar es Salaam ilikuwa moja tu na ilikuwa na tabia ya kukatika. Nyuma ya kioo aliketi opereta, Kezia, binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Murungu, upande wa Kibondo. Alivaa gauni la njano lenye mshipi mpana. Viatu vyake vya raizoni, vyenye soli nene, alikuwa amevivua chini ya meza, maana vilimbana.

Zamu ikamfikia mwanamume mrefu aliyevaa suti ya kaunda, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Dokta Makarius, mzaliwa wa Kakonko, aliyesomea Dar es Salaam na Uingereza na sasa alikuwa amerudi kwao kufanya utafiti. Laini ilipopatikana ilibidi apaze sauti profesa wake amsikie, na posta nzima ikasikia pamoja naye: miraba minne, miduara mitatu, miwili imepakwa wino.

Alipomaliza, Kezia alimuuliza kama alikuwa anajenga nyumba au anadarizi shuka. Watu wakacheka. Makarius naye akacheka, kisha akaeleza kwamba mraba ni mwanamume, mduara ni mwanamke, na wino ni alama ya aliyeugua. Alikuwa akitafuta familia ambazo watoto zaidi ya mmoja walipata uvimbe kwenye ubongo, ajue kama ugonjwa huo hurithiwa.

Baada ya siku hiyo daktari alipata sababu nyingi za kupiga simu. Akiwa Kibondo, alipiga Kasulu kuuliza kama laini ya Dar es Salaam ni nzima. Kezia alimjibu kuwa ni nzima, na kwamba hata jana ilikuwa nzima alipouliza mara tatu. Akija Kasulu walikwenda pamoja kunywa chai dukani kwa mzee Gharibu, yeye kavaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, iliyomchekesha Kezia, Kezia kavaa gauni jipya kila mara. Alipenda jinsi daktari huyo alivyosikiliza, kana kwamba kila neno lake lilikuwa la kuandikwa.

Mwezi Juni Makarius akabadilika. Alikuja bado, alicheka bado, lakini kuna nyakati alinyamaza akimtazama Kezia, na alipoulizwa kulikoni alisema amechoka. Kezia alidhani anataka kumposa na anakosa ujasiri. Moyoni alikuwa ameshamkubali.

Agosti Makarius aliitwa Dar es Salaam. Alipiga simu yake ya mwisho mbiombio, gari la Kigoma likipiga honi nje, na kwenye kibanda cha simu akasahau daftari. Kezia alilifungua kutazama ni la nani. Aliona picha ya ukoo wenye vizazi vitatu, na juu yake pameandikwa Murungu. Akaona jina la shangazi yake. Akaona miraba miwili myeusi chini ya mama yake, nao walikuwa kaka zake aliokuwa ameambiwa kwamba walikufa kwa homa. Kando ya miraba hiyo kulikuwa na mduara mtupu: Kezia, hajaolewa. Pembeni yake, alama ya kuuliza.

Alisoma na kurasa zilizofuata, zilizoeleza dalili za ugonjwa. Kisha akalifunga daftari, akaliandikia anwani na kulituma kwa rejista bila neno lolote. Aliona ameelewa kila kitu. Alikuwa mtu wa kuchunguzwa, na huyu bwana alikuwa akipima kama damu yake inafaa kuolewa. Makarius alipopiga simu, Kezia alimwomba mwenzake Hilali apokee na kusema hayupo. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Zikaja barua nne, na zote alizirudisha zikiwa zimefungwa.

Februari mwaka uliofuata Kezia alikwenda likizo Murungu. Mtoto wa dada yake, Immakulata, msichana wa miaka sita, alikuwa akitapika kila asubuhi anapoamka, na baada ya kutapika alicheza kama kawaida. Dada yake alisema ni minyoo. Lakini Kezia alimwona mtoto akienda kisimani, miguu ameitanua, akiyumba kidogo. Dalili hizo alikuwa amezisoma daftarini, karibu neno kwa neno.

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwanza kurudi Kasulu. Alimwondoa Hilali kwenye kiti akaiunganisha laini mwenyewe.

"Daktari, ni Kezia. Sikupigii kwa ajili yetu."

Makarius alisikiliza, akauliza mtoto anatapika tangu lini na anashikaje kichwa, kisha akasema, "Mlete sasa. Usingoje kichwa kimuume. Nitakuwa stesheni."

Walisafiri kwa treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, Kezia, dada yake na mtoto. Makarius alikuwa stesheni kama alivyosema, amekonda, na alimbeba Immakulata mwenyewe mpaka garini. Daktari wa upasuaji alimpasua mtoto kichwa siku ya tatu, akakuta uvimbe bado mdogo, akautoa wote. Alisema kwamba wengi huletwa wakiwa wameshapofuka. Wiki ya pili Immakulata alidai wali na samaki, na dada yake Kezia akalia mpaka manesi wakaja kutazama.

Ndipo Kezia alipomkuta Makarius kwenye benchi, nje ya wodi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Juni, shangazi yako aliponitajia binti wa posta. Nilikuwa nimemwapia kutunza siri. Na niliogopa, Kezia. Hilo ndilo kosa langu."

"Na ile alama ya kuuliza?"

"Niliwawekea wote walio hai. Maana yake ni kwamba sijui. Hakuna mtu duniani anayejua leo nani amebeba ugonjwa huu na nani hakubeba."

Kezia akauliza lililomnyima usingizi miezi yote hiyo. "Nikizaa?"

"Huenda mtoto akarithi, huenda asirithi. Siwezi kukudanganya. Ila tutamtazama mapema, kama ulivyomtazama Immakulata. Nataka kukuoa hivyo hivyo, nikiwa sijui." Akaongeza kwamba ukoo wa Murungu, ulio muhimu kuliko koo zote alizokusanya, ameufuta katika kazi yake. Hakuweza kuwaandika watu aliotaka wawe wakwe zake.

Kezia aligeuka akamtazama. Alimwambia kwamba bila daftari lile mtoto yule angezikwa mwaka huu, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

"Kaurudishe," alisema. "Aandike mwenzako, kama wewe huwezi. Nyumbani nitauliza mimi. Ukikataa hilo, na mimi siolewi nawe."

Makarius akacheka huku machozi yakimtoka, akakubali yote mawili.

Daktari mwenzake, Leonidasi, ndiye aliyeendelea na kazi ile, na Kezia akawa anazunguka Murungu hadi Mabamba akiuliza kwa Kiha maswali ambayo hakuna mgeni angejibiwa. Mwaka 1977 mtoto mwingine wa ukoo huo aligunduliwa mapema, akapona.

Lakini aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa mama yake Kezia. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuwataja wanawe. Wiki moja kabla ya harusi, mwaka 1975, wakichambua maharage uani, Kezia alimuuliza taratibu. Mama aliendelea kuchambua. Kisha akasema mkubwa aliitwa Nsabimana na alipenda kuimba, mdogo Reverien, naye alikuwa mkaidi kweli. Alieleza jinsi kila mmoja alivyoanza kuyumba. Alisema kwamba majirani walimwita mchawi, na yeye mwenyewe alifika mahali akaamini.

"Kumbe ulikuwa ugonjwa," alisema.

"Ulikuwa ugonjwa, mama."

Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, na kumwita Makarius aliyekuwa akizungumza na wazee mbele ya nyumba. Alipofika, mama alimshika mikono yote miwili. Alisema neno moja tu la Kiha, wakoze, asante, akalirudia, akalirudia tena.